Upana wa Picha

Tangu wachimbaji wa mwezini wafutiwe likizo, kila familia ilipewa ukuta wa kioo wa kuonana kwa video ili iweze kula chakula cha jioni na mtu wake. Siku hiyo picha ya Rwegasira ilikuwa ikicheza na kukatakata, basi mkewe, Kokusima, akafungua mipangilio mwenyewe. Alipopandisha kasi kutoka picha thelathini kwa sekunde hadi sitini, ikatulia. Hapo ndipo alipoona kwamba mumewe, akiwa hukohuko mwezini, alikuwa ameupunguza upana wa picha. Akaurudisha wote.

Kando ya Rwegasira alikuwa ameketi mwanamke mjamzito, akimpakulia mchuzi.

"Unakula na nani leo, baba Asimwe?" Kokusima aliuliza.

"Nile na nani huku? Ni upweke tu, mke wangu."

Yule mwanamke hakuinua hata macho. Alikwisha kuyazoea maneno hayo.

Mara Kokusima akamsikia binti yao akija mbio kutoka chumbani.

"Mama, baba yupo?"

"Yupo. Ngoja kidogo, mwanangu."

Na akaupunguza tena upana wa picha.