Bwana kwenye Bango

Meneja wa ukumbi alimsihi mara tatu asijisumbue kwenda kwa mchapaji. Machale yakamcheza mwongozaji, mwanamke wa kwanza kuongoza mchezo pale, naye akaenda.

Bango la kwanza lilikuwa bado na joto la mashine. Jina lake lilikuwapo, ila mbele yake palisomeka "Bw."

Akampigia meneja.

"Hitilafu ya mtambo tu, dada yangu. Nani atajali?"

Mchapaji akamsogezea karatasi ya oda. "Bi." ilikuwa imekatwa na "Bw." kuandikwa juu yake kwa wino wa kijani, ule anaosainia meneja peke yake.

"Mtambo siku hizi unashika kalamu ya kijani?"

"Nani kakuonyesha?"

Mwongozaji akamgeukia mchapaji. "Zima mashine, kaka."