Asiyefika Kliniki

Mlango wa Profesa Zuwena, uliounganishwa na kompyuta za kliniki, ulikataa katakata kumfungulia mwanawe, Kombo. Mraibu anayetibiwa akikosa kliniki siku moja tu huhesabiwa karudia unga, na kila nyumba humfungia, hata ya mamaye.

“Mama, mimi mzima! Jana si nilikuwa nakuuguza wewe? Ningekuachaje na homa ile?”

Zuwena alijua ni kweli. Lakini sheria hiyo ilitokana na takwimu zake mwenyewe: asiyefika, amerudia. Ndizo zilizompa uprofesa. Angeweza kumtetea kwa sahihi moja, na kwa sahihi hiyo hiyo kukiri kwamba hesabu zake zilikosea tangu mwanzo.

Hakutia sahihi; akangoja mpaka hodi zikakoma. Kisha akapasha moto supu aliyopikiwa na Kombo jana, akainywa yote.