Chumba cha Sita

Gari la kunyonya maji machafu lilisimama mbele ya vyumba vya kupangisha vya Sikudhani, likakosa pa kupita. Shimo la choo lilikuwa nyuma, limejaa hadi linafurika uani, na mpira wa kunyonyea haukufika huko.

"Fundi Mbwambo!" alifoka Sikudhani. "Umenijengea nini hapa? Gari lipite wapi, juu ya bati?"

Fundi alinyoosha kidole kwenye chumba cha mwisho, cha sita. "Hapo ndipo palipokuwa na njia, mama. Ukasema njia hailipi kodi, nijenge chumba."

"Na wewe ukajenga! Fundi gani usiyejua kukataa?"

"Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu ukasema utaleta fundi mwingine."

Wapangaji walikuwa wamesimama milangoni, wameziba pua kwa khanga. Hakuna aliyecheka. Dereva aliposema anaondoka, Sikudhani akanyakua nyundo kubwa ya fundi, akaenda kuupiga ukuta wa chumba cha sita huku akiyatukana matofali kana kwamba yalijijenga yenyewe. Pigo la nne, tofali likaangukia ndani.

Kwenye tundu aliona kitanda kilichotandikwa vizuri, na juu yake Bi Mwanahawa, mpangaji aliyehamia juzi, amejaa vumbi hadi kwenye kope, pazia jipya mkononi.

"Mwenye nyumba," alisema yule bibi, "hodi yako ndiyo hii?"

Sikudhani alikuwa amekwisha kuinua nyundo tena. Nyuma yake, gari lilikuwa bado linanguruma.