Ugonjwa wa Pikipiki ya Debora

Ikaunguruma, ikakohoa, ikazima.

“Si nilikwambia?” Fausta, jirani, alipiga makofi kwa masikitiko. “Huyo fundi wako ni tapeli, Mama Herman. Anakuja kula tu.”

Yusta alibaki ameinama kando ya pikipiki ya mjukuu wake, kamba ya kuwashia bado mkononi. Ni pikipiki ndogo ya mtoto, nyekundu, kiti chake hakizidi kibao cha mbuzi. Jana tu, Jumamosi, ilitengenezwa. Jumamosi ya nyuma yake ilitengenezwa. Na ile ya kabla yake.

“Atakuja Jumamosi aiangalie tena,” Yusta alisema. “Tuvumilie.”

“Mvumilivu hula mbivu, lakini hapa anayekula ni fundi!”

Mafundi, jamani! Ukitaka kujua umri wako, mpe fundi kazi. Kila Jumamosi huyu Ditram anafika, anatua boksi lake la spana, anafungua hiki, anafunga kile, na pikipiki inalia uani mpaka kuku wanakimbilia kwa jirani. Jioni anaondoka kwa heshima zote. Kesho yake, watu wakitoka kanisani, Yusta anavuta kamba mbele ya Fausta, inalia kidogo, inazima. Mwingine angeshamfukuza.

Yusta ni mjane. Mwanawe Herman yuko Dodoma na mkewe na mtoto wao, Debora. Walikuja Mikumi Krismasi iliyopita, wakaondoka, pikipiki wakaiacha. Tangu hapo Herman akipiga simu haulizi mama amekula nini. Anauliza, “Ile pikipiki imepona? Nataka Debora akija Desemba aikute inawaka.” Halafu ana mkutano, halafu simu imekatika.

Nyumba inarudi kimya. Malori ya Iringa yanapita barabarani kutwa, yote yana safari zake. Katikati ya wiki Yusta hapiki, ampikie nani? Anakunywa chai kwa kiporo, anabishana na redio, na redio haimjibu. Upweke unauma, tusidanganyane. Kuna siku anakwenda dukani kununua kiberiti na kingine anacho, apate tu wa kumsalimia.

Jumamosi ni habari nyingine. Fundi akifanya kazi nyumbani kwako, anakula kwako. Hilo halina mjadala. Basi Yusta anaamka mapema, anatwanga karanga, anaunga mchicha, anasonga ugali wa watu. Tena mwanamume hawezi kuingia hivi hivi kwenye ua wa mjane akaketi kupiga soga, watu wana midomo. Lakini spana zikiwa zimetandazwa juani, nani atasema neno?

Ditram naye hana haraka. Ni mtu wa Kidete, amepanga chumba karibu na maegesho ya malori. Mke hana, na mama yake alishamzika. Anakula taratibu, anasimulia jinsi Mto Mkondoa ulivyowahi kuingia jikoni kwao ukabeba chungu na mboga yake, na Yusta anacheka mpaka anajifuta machozi kwa kitenge. Ndipo fundi anakumbuka kuwa ameacha kabureta juani. Sasa kazi ya namna hiyo itaisha lini? Fausta alikuwa na haki ya kukasirika.

“Jumamosi hii nakuja kukaa hapa hapa,” Fausta aliapa. “Nimsimamie. Na ugonjwa huu huu ukirudi tena, namleta mpwa wangu Kelvin. Yule anaimaliza kabla chai haijapoa.”

“Kelvin ana haraka mno,” Yusta alisema.

“Ndiyo fundi huyo!”

Wiki nzima Yusta hakuwa na raha. Hata redio aliizima.

Jumamosi Ditram alimkuta Fausta ameshaketi juu ya kigoda, mikono kifuani, kama askari wa geti.

“Shikamooni, mama zangu.”

“Marahaba,” Fausta alijibu. “Haya, kazi. Leo hatutaki hadithi.”

Na hazikuwapo. Ditram alifanya kazi kichwa chini. Chakula alikila upesi, akanawa, akarudi kwenye spana. Yusta alitoa vyombo bila kucheka hata mara moja. Kisha pikipiki ikawashwa, ikalia, ikaendelea kulia, hadi Fausta akaziba masikio.

“Haya, haya, zima! Imepona,” alisema, na ilionekana wazi amesikitika kidogo kukosa la kulalamikia. Akabeba kigoda chake, akaenda kuanua mahindi yake.

Yusta alimsindikiza fundi hadi njia panda, kama mgeni anavyosindikizwa. Kazi imekwisha, na mtu hana sababu ya kurudi mahali alipomaliza kazi. Desemba ilikuwa bado mbali sana.

“Basi, fundi,” alisema mwishowe, na sauti ilimsaliti. “Mungu akubariki. Siku ukipita huku, unipungie mkono hata kwa mbali.”

Ditram alihamisha boksi kutoka mkono huu kwenda ule. Aligeuka nyuma kuhakikisha Fausta hawafuati.

“Mama,” alisema kwa sauti ya chini, “kile kitundu cha hewa kwenye mfuniko wa tangi usikizibe tena kwa nta ya mshumaa, leo jirani yako almanusura anione nikiibandua. Jumamosi ijayo iumwe ugonjwa mwingine. Legeza tu waya wa plagi.”