Herufi Moja Chini ya Jabali

Saa mbili asubuhi binti alikuwa tayari mlangoni kwa mwizi wa herufi, kalamu nyekundu sikioni.

"Shikamoo." Hata na hasira zake, aliamkia.

"Marahaba, mwanangu," alisema mzee. "Leo unanitukana kabla ya chai au baada?"

"Nimefuata mswada wa baba."

Mzee huyo alikuwa mpanga herufi wa kiwanda cha uchapaji, enzi za herufi za madini ya risasi zilizookotwa moja moja kwa vidole. Miaka arobaini iliyopita alipanga kitabu cha mashairi ya baba wa binti huyu kuhusu jabali kubwa la mji, lile la kwenye kalenda na stempu. Beti zake watoto huziimba shuleni, na mishororo miwili imechorwa getini kwa ajili ya watalii:

Chini ya hili jabali, ndipo wengi tulifika,
Machozi tukayafuta, kimyakimya tukatoka.

Walimu hufundisha kwamba hapo ndipo wazee waasisi walipofika. Binti, ambaye mshahara wake hutoka katika makosa ya wenzake, maana ni msahihishaji gazetini, alijiuliza: nani afike mahali, afute machozi, kisha atoke kimyakimya?

Jibu alilipata mwaka jana. Wiki ya mwisho ya uhai wake, baba aliweweseka kwa homa akiukariri mshororo ule, na kila mara alisema tulizika. Kwa z. Tangu mazishi, binti alimtangaza mzee wa watu mji mzima: kaokota f mahali pa z, kaua historia.

Haikuwa ubishi wa wasomi. Babu yake mzaa mama alikwenda kuvunja mawe jabalini pamoja na vibarua wenzake, na hakurudi hata mmoja. Mama amezeeka akiuliza baba yake alilazwa wapi. Leo tingatinga lingeanza kuchimba msingi wa hoteli pale pale chini. "Lete mwandiko wa mshairi mwenyewe kabla ya saa nne," mwenyekiti wa halmashauri alikuwa amemwambia. "Tukiona z, tunasimamisha." Mama alikuwa amekwisha kuvaa viatu, amekaa kumsubiri barazani, katika nyumba ambayo halmashauri ilimzawadia baba mwaka kitabu kilipotoka.

"Mimi nilipanga nilichokiona," mzee alisema.

"Kila mwizi husema hivyo."

"Marehemu kapumzika, mwanangu. Mwache."

"Na babu je? Yeye kapumzika wapi?"

Mzee alisogeza gazeti la jana mezani, akaitazama nakala ya majaribio ya gazeti ambayo binti alikuwa ameishika, imejaa masahihisho mekundu.

"Hiyo f yako," alisema taratibu. "Mkia unapinda kushoto."

"Hata ofisini wananicheka. Ndiyo herufi yangu ya kwanza, kabla hata ya a. Baba alinipakata akanishika mkono." Sauti ilimlegea kidogo, akaikaza. "Usinipotezee muda, mzee. Mswada."

Mzee alimtazama kwa huruma iliyomuudhi binti kuliko tusi. Kisha aliingia chumbani, akavuta sanduku uvunguni, akarudi na karatasi zilizofungwa kwa uzi.

"Nilidhani nitazikwa nazo," alisema, akageukia dirishani.

Ulikuwa mwandiko wa baba, wino wa buluu, herufi zimelala kidogo. Binti alichomoa kalamu sikioni, akashusha kidole mshororo kwa mshororo hadi ubeti wa mwisho, moyo ukimdunda kwa ushindi.

Z ya baba ilikuwepo kweli, imekwanguliwa kwa wembe mpaka karatasi ikabaki nyembamba. Juu yake ilikaa f moja kubwa, ya mkono wa mtoto, mkia umepinda kushoto.