Pua ya Jikoni

"Onja," mpishi alisema, akampelekea mkewe kijiko cha mti kilichojaa supu ya vitunguu.

Mkewe alikitazama kijiko, akamtazama mumewe usoni, akanywa. "Iko sawa."

"Chumvi?"

"Nimesema iko sawa, baba. Kwani umeanza kupika leo?"

Mpishi akashusha pumzi. Miaka ishirini na sita walikuwa wameuendesha mgahawa huu mdogo wa Kifaransa, meza tisa tu, sahani tatu za mchana kwa bei ambayo hata tarishi angeimudu. Yeye jikoni, mkewe mezani. Watu wa mtaa walikuwa wakisema mpishi huyu ana pua ya paka: ananusa siagi akiwa barabarani na kukwambia kama ni ya jana au ya juzi.

Pua hiyo ilikuwa imekufa. Ile homa iliyowalaza wote wawili mwaka jana iliondoka nayo, ikabeba na ulimi. Daktari alimwambia wazi kwamba asitegemee kupona. Tangu hapo supu kwake ni maji moto, na kuku wa mvinyo ni pamba tupu. Hakumwambia mtu. Mpishi asiyeonja ni nani? Ni mtu aliyevaa aproni, basi. Mkewe angeumia, angesema wafunge, na wakifunga wangebaki nyumbani wakitazamana kama kuku walionyeshewa.

Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini huyu hata kata hakuiambia. Akabuni desturi. Kila sufuria, mkewe aonje kwanza. Kila mara kabla ya kuwasha kiberiti, mkewe anuse. "Pua ya mwanamke ina baraka," alimdanganya, na mkewe akacheka, akakubali.

Tena mama wa watu alikuwa amelainika siku hizi! Zamani alibishania kila sufuria: hapa pilipili manga imezidi, hapa siagi imeungua. Sasa kila kitu kwake sawa. Hata soksi za mumewe, ambazo ziliwahi kumtoa chumbani na mto kwapani, hakuzisema tena. Mpishi aliona huo ndio upendo wa uzeeni, akamshukuru Mungu. Kilichomtia aibu ni kimoja tu, wateja kumnong'oneza, "Mwambie shemeji apunguze marashi, tunakula." Alicheka nao, ingawa marashi yenyewe hakuyasikia.

Na wateja walikuwa wakipungua. Wiki iliyopita sahani tatu zilirudi jikoni karibu zote zimejaa. Roho ilimuuma mpishi, akaapa. Leo hii, mteja wa mwisho wa mchana akishaondoka, atamkalisha mkewe kwenye meza ya dirishani amwambie yote. Liwalo na liwe.

Saa tano, mvua ikigonga madirisha yaliyofungwa, gesi iliisha. Moto chini ya supu na chini ya kuku ulififia, ukafa. Mpishi akalifunga jiko la mbele, la supu, akaiondoa supu, kuku akamwacha vilevile juu ya jiko la nyuma, akaenda kupachika mtungi mpya huku akiulaani mgongo wake.

"Haya, pua ya jikoni," alimwita mkewe. "Nusa."

Mkewe aliacha kukata mkate. Akainua kichwa, akavuta pumzi ndefu, akamtazama mumewe usoni kama ilivyokuwa kawaida yake. Mumewe alikuwa ametulia tuli.

"Hakuna kitu," akasema. "Nenda kaandike ubao, watu wanakuja. Nikimaliza mkate nawasha mimi."

Mpishi akaenda ukumbini na chaki yake. Alikuwa anaandika supu wakati mlango ulipofunguliwa. Mwalimu mstaafu, ambaye siku zote ndiye wa kwanza kufika, alisimama pale na mwavuli unaochuruzika maji, leso puani.

"Mpishi, hii harufu..."

"Marashi ya mama huyo!" akamkatiza upesi, kwa kicheko. Kwa mwaka mzima alikuwa amejifunza kuzijibu harufu asizozisikia. "Nisamehe, mwalimu, nitamwambia. Karibu, kaa."

Mwalimu hakukaa. Alibaki mlangoni akikohoa.

Chaki ikamvunjikia mpishi mkononi kabla hajamaliza kuandika kuku. Chaki za akiba hukaa kwenye mkoba wa mkewe, na mkoba ulikuwa umetundikwa pale ukumbini, kando ya mlango wa jikoni. Miaka yote hiyo hakuwahi kuufungua. Siku zote alimwita mwenyewe aje. Lakini mwenyewe alikuwa na kazi, na watu walikuwa wanakuja, basi akaingiza mkono.

Alichotoa hakikuwa chaki. Kilikuwa cheti cha kliniki kilichokunjwa mara nne, na mwandiko aliujua, maana ulikuwa wa daktari wake yeye.

"Amepoteza uwezo wa kunusa na kuonja tangu homa," kiliandikwa. "Hautarajiwi kurudi. Ameomba mumewe asijulishwe. Anasema pua ya mumewe inawatosha wote wawili."

"Baba!" mkewe aliita kutoka jikoni. "Nawasha!"

Na kiberiti kikakwaruzwa.