Gego la Kushoto

"Swali la arobaini na moja," mdogo mtu akasoma, kitabu magotini. Kaka yake, ambaye kesho angefanya mtihani wa leseni ya udaktari wa meno kwa mara ya tatu, alikuwa kajilaza, macho kafumba. "Gego limeoza mpaka kwenye mzizi na limelegea. Utaliziba au utaling'oa?"

"Naling'oa, hilo limeshakwisha. Watu wazembe, bwana. Mtu anakaa na jino bovu miaka miwili, anangoja nini?"

Ulimi wa mdogo mtu ukaenda wenyewe kwenye gego la kushoto, likacheza. Miaka miwili alikuwa akitafunia upande mmoja, kwa sababu kaka alimwambia, "Usiende kwa mtu. Nikipata leseni nitaliziba mwenyewe."

Akafunua kurasa za nyuma, kwenye maelezo. Jibu lilikuwa hilohilo: ling'olewe.

"Umekosa," akasema.

Kaka akafumbua macho. "Kweli?"

"Linazibwa. Wameandika hivyo."

Kabla ya hapo mdogo mtu hakuwahi kumdanganya hata siku moja. Kaka akavuta daftari, akaandika, akapiga mstari mara mbili.

"Bila wewe, mdogo wangu, kesho ningeumbuka."